Mkaa wa Bitozi

Salha ana miaka sita. Kila siku akitoka shule, anamsubiri mama yake kwenye saluni ya Mjomba Kombo.

Ndani ya saluni kuna tangi dogo la kioo. Ndani ya tangi kuna maji ya chumvi, kama ya baharini. Ndani ya maji kuna samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe. Jina lake Bitozi.

Mashine ya kunyolea inalia: zzzzz! Pampu ya tangi inalia: chururu, chururu.

Mjomba Kombo ni kinyozi. Tena anajua kila kitu. Muulize tu, atakwambia mwenyewe.

Jumatatu, Salha akachungulia tangini. Maji yalikuwa ya njano. Bitozi alikuwa amejibanza pembeni, mapezi ameyakunja.

"Mjomba, maji yamekuwa ya njano."

"Hiyo si njano," akasema Mjomba. "Hiyo ni dhahabu. Samaki wangu anaishi kifalme!"

Mfalme akazidi kujibanza.

Jumanne, Salha akanusa. Fu! Fu!

"Mjomba, maji yananuka. Yananuka kama soksi."

"Hilo dogo," akasema Mjomba. Akachukua marashi ya wateja. Akapuliza juu ya tangi. Fsss! Fsss!

Alifanya kazi nzuri sana. Sasa maji yalinuka kama soksi zinazokwenda harusini.

Salha akamwekea Bitozi chakula. Chakula kikaelea. Bitozi hakula.

"Mjomba, Bitozi anaumwa. Twende kwa Bi Tausi."

Bi Tausi anauza samaki wa mapambo. Duka lake liko mlango wa pili.

"Kwa Bi Tausi kufanya nini?" akasema Mjomba. "Mimi najua kila kitu!" Ni kweli. Muulize tu, atakwambia mwenyewe.

Salha hakumuuliza. Akaenda.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huna raha?"

"Bitozi hataki kula. Maji ni ya njano, na yananuka."

"Maskini! Kwenye chujio lenu mmeweka mkaa? Mkaa wa…"

"Mkaa!" akadakia Mjomba. Kumbe alikuwa mlangoni, anasikiliza. "Hata mimi nilitaka kusema mkaa!"

Akatoka mbio. Mbio hadi kwa mama muuza chapati. Mbio hadi saluni, na bonge la mkaa mkononi.

Chubwi!

Maji yakawa meusi. Meusi ti!

Kwenye kiti alikuwepo mteja, amenyolewa nusu kichwa. Akapangusa tone jeusi puani.

Salha akaja mbio, akaweka pua kwenye kioo. "Bitozi! Bitozi, uko wapi?"

Hakuona samaki. Hakuona kitu. Machozi yakamtoka.

Bi Tausi akaja na ndoo ya maji safi ya chumvi. Mkononi ana wavu mdogo.

"Usilie, mwanangu. Una macho makali. Tazama, kisha uniambie."

Salha akafuta machozi. Akatazama. Akatazama tena.

Pale chini, kitu cha rangi ya chungwa kikatikisika. Mkia!

"Yule pale! Yule pale, Bi Tausi!"

Wavu ukashuka, chup! Wavu ukapanda, chup! Bitozi akaingia kwenye ndoo.

Bi Tausi akamgeukia Mjomba. "Kombo, ule ni mkaa wa kupikia chapati."

"Mkaa ni mkaa," akasema Mjomba.

"Basi ungemletea na unga."

Bi Tausi akafungua kopo. Ndani mna punje nyeusi, ndogo kama mchele.

"Mkaa wa samaki ni huu. Ni vifuu vya nazi, vilivyochomwa kwa moto mkali mno. Kila punje ina vitundu vingi, vidogo hata huvioni. Rangi ya njano ikipita, inanasa humo. Harufu ikipita, inanasa humo."

"Na chumvi?" Salha akauliza.

"Chumvi inapita zake. Swali zuri, mwanangu."

Mjomba akanyakua kopo. "Tumwage wote!"

"Tangi dogo, mkaa kidogo," akasema Bi Tausi. "Vijiko viwili tu. Na kwanza uoshwe."

Salha akaosha mkaa bombani. Chwa, chwa, chwa. Maji yakatoka meusi.

"Inatosha," akasema Mjomba.

"Bado," akasema Salha.

Chwa, chwa, chwa. Maji yakatoka ya kijivu.

"Inatosha, bwana!"

"Bado."

Chwa, chwa, chwa. Maji yakatoka meupe.

"Sasa," akasema Salha.

"Kama nilivyosema," akasema Mjomba.

Wakatia mkaa kwenye mfuko mdogo wa wavu. Wakauweka ndani ya chujio, pale maji yanapopita. Bonge la mkaa wa chapati wakalitoa. Wakamwaga nusu ya maji, wakajaza mapya ya chumvi. Sponji ya chujio ikakamata vumbi jeusi.

Chururu, chururu.

Jumatano, maji yalikuwa bado ya njano kidogo.

"Haufanyi kazi," akasema Mjomba.

"Unafanya polepole," akasema Salha.

Chururu, chururu.

Alhamisi, hayakunuka soksi. Wala harusi.

Chururu, chururu.

Ijumaa, maji yakang'aa!

Bi Tausi akamleta Bitozi kutoka dukani kwake, akamrudisha tangini, taratibu. Bitozi akakunjua mapezi. Akapita huku. Akapita kule. Salha akamwekea chakula. Kap! Kap! Kap! Kikaisha chote.

"Sikilizeni," akasema Bi Tausi. "Mkaa nao hushiba. Ukishashiba, haunasi tena. Wiki nne zikipita, tupeni huu, wekeni mwingine. Na marashi yakae mbali!"

Salha akachora duara kwenye kalenda ya ukutani. Mjomba akasogeza marashi. Akayasogeza kimya kimya, jambo ambalo saluni ile haijawahi kuliona.

Mjomba akainama upande mmoja wa tangi. Salha akainama upande wa pili. Wakatazamana kupitia maji.

"Salha! Nakuona!"

"Mjomba! Jicho lako kubwa kama sahani!"

Wakacheka, wakacheka, hadi Salha akashika tumbo.

Kisha Mjomba akakohoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Salha, mwanangu. Mimi sikujua."

"Najua, Mjomba," akasema Salha. Akamshika mkono.

Mchana ule ulikuwa na joto. Wateja hawakuja. Mama alikuwa bado njiani.

Chururu, chururu. Chururu, chururu.

Bitozi akalala macho wazi, kama samaki wanavyolala.

Salha akalala macho ameyafumba.

Na Mjomba Kombo, kwenye kiti cha wateja, akalala mdomo wazi.