Pingili za Mwanakombo

Siku ile duka la Iqbal pale Mikindani lilijaa watu hadi kizingitini, na Athumani alikuwa anamaliza bafta yote, kile kitambaa cheupe cha sanda.

"Kaka, umefiwa na wangapi?" aliuliza binti mmoja nyuma yake, kanga nyekundu mabegani, macho ya uchokozi.

"Ni ya vifuko, dada. Nayavisha maua ya mihogo, nyuki wasiyaguse."

Binti huyo, Mwanakombo, alicheka mpaka akashika meza. Athumani akampenda papo hapo. Alikuwa mtumishi wa shamba la majaribio, Nanyamba. Kazi yake kuoanisha mhogo mtamu na ule usiougua batobato, ugonjwa wa kukunja majani, kisha kuchunguza nani kati ya watoto wao amerithi kinga.

Wakawa wanaonana kila gulio. Siku moja Mwanakombo alimletea mzigo wa pingili, vipande vya shina la mhogo vya kupanda.

"Za shamba la mama. Hazijapata kuugua. Chukua, mpenzi," alisema, ameinamisha uso.

Athumani akazipanda shamba la serikali, akachomeka kibao: Namba 47. Mjinga wa watu! Kwao Mwanakombo, msichana akikupa pingili za mamake amekukubali, nawe huzipanda mlangoni kwako. Mwanakombo alipokiona kile kibao aligeuka akaenda zake. Kesho yake akahamia Kilambo kwa mjomba wake.

Barua nne hazikujibiwa. Kila Athumani alipofunga kifuko juu ya ua alikisikia kile kicheko, moyo ukamuuma. Mwaka wa tatu Asha, mdogo wake Mwanakombo, alimhurumia akamweleza maana ya pingili. Wakati huo watoto wa Namba 47 walikuwa wamekomaa. Wengi waliugua, wachache walisimama majani safi. Akang'oa shina moja, akafunga safari.

Alimkuta Mwanakombo akianika makopa ya mhogo, amekonda kidogo, mzuri vilevile.

"Hilo nalo namba ngapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Halina namba. Ni mtoto wa pingili zako. Mama yake nimempanda mlangoni kwangu. Nisamehe, sikujua."

Mwanakombo alimenya mhogo, akaonja, akakunja uso.

"Mchungu!"

"Kinga imekuja, utamu bado. Lazima nioanishe tena."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu hivi."

"Mitatu nimeshaingoja, Athumani. Nakuchukia, huku nachungulia njia." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. "Mjomba yuko ndani. Habari za nyuki na vifuko usimwambie, atakuona kichaa akufukuze. Mwambie tu umepanda mlangoni."