Koti la Winchi

Fundi alikuwa amelala chali mbele ya lori lake kuukuu la kijeshi, kifua kimechanwa na waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia mizigo. Waya wenyewe ulikuwa umejikunja kando yake, umekatika. Daktari wa polisi alisema hakuteseka. Madaktari wa polisi husema hivyo kila mara.

"Ni ajali, afande," alisema mnunuzi aliyekuja kulichukua lori. "Alitaka nione linavyovuta. Akalifunga kwenye lile jiwe, waya ukakatika."

Inspekta alichuchumaa kwenye winchi. Winchi hizi zina pini ya chuma laini, makusudi ikatike kwanza mzigo ukizidi, waya usalimike. Pini haikuwepo. Mahali pake paling'aa bolti mpya, ngumu.

"Nani mwingine hugusa lori hili?"

"Mimi na kaka tu."

Aliyejibu ni mdogo wa marehemu. Alikaa juu ya tairi, akitetemeka ndani ya koti zito la turubai lenye mikono mirefu kumpita. Mgongoni lilikuwa na mstari mnyoofu wa grisi.

"Koti la nani?"

"La kaka."

"Na mstari huu?"

"Hulilaza juu ya waya kabla ya kuvuta. Waya ukikatika, koti linauangusha chini. Hajawahi kuvuta bila koti. Nilikuwa namtania kwamba ndilo mke mkubwa."

"Leo mbona unalo wewe?"

Mdogo mtu aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa na homa. Nikajilaza kwenye benchi la karakana, usingizi ukanichukua. Mlio uliponiamsha, nikakuta nimefunikwa."

Inspekta alimwonyesha bolti. Aliwahi kuona wauaji wengi, na huyu alimtia huzuni kuliko hasira.

"Ni mimi," alisema mdogo mtu. "Lori alituachia baba. Tumelifufua wote wawili, miaka na miaka. Juzi kaka akasema liuzwe, mikono yake imechoka. Nilimsihi, lakini maneno ya mdogo nani anayasikia? Nikawaza, winchi ikiharibika mbele ya mnunuzi, ataondoka zake. Waya tu, afande. Nilijua koti lipo."

Alianza kulivua. Inspekta alijua ni kielelezo, na kwamba lilipaswa kuingia kwenye mfuko wa ushahidi papo hapo.

"Baki nalo mpaka kituoni," alisema.

Walipokuwa wakielekea garini, mnunuzi alimvuta Inspekta pembeni.

"Mimi ndiye niliyemuuliza marehemu koti liko wapi," alinong'ona. "Alikuwa amelisifia sana kwenye simu. Akaniambia mdogo wake anaumwa, tusimwamshe. Akacheka. Akasema, 'Usihofu, mzee. Pini ameifunga mdogo wangu mwenyewe.'"

Inspekta alitazama nyuma. Kijana alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari, hatua mbili tu nyuma yao, na kwa uso wake ilionekana amesikia kila neno.