Waliniita Mumiani Msibani, na Aliyelipeleka Hilo Neno ni Mwenzangu wa Chumba

"Mumiani! Mumiani huyo!"

Kabla sijageuka, ndoo nzima ya maji ya majivu ikanipiga usoni!

Jamani... majivu puani, majivu mdomoni, kanga imenigandia mwilini. Nimesimama katikati ya uwanja wa watu waliofiwa, huku Mwera, Pangani, na wanawake wamenizunguka kila upande.

Wewe unayesoma hapa umejilaza kwenye kochi, mumiani kwako ni neno la kutishia watoto. Njoo huku ulisikie likipigiwa kelele na umati. Nchi hii kuna watu wameshauawa kwa kudhaniwa tu wananyonya damu!

Nikafuta macho. Nyuma ya wale wanawake, kwenye mlango wa uani, nikamwona Queen.

Anatabasamu!

Ngoja niwape mwanzo wake, maana nikikumbuka bado damu inanichemka.

Naitwa Ruthi. Nasoma masta ya anthropolojia, yaani tunachunguza watu: wanaishije, wanaoanaje, wanazikanaje. Mjomba wangu anaiita masta ya umbea. Aite anavyotaka.

Sasa masta hii bila fildi huimalizi. Na kwetu hakuna wa kunigharamia fildi, tusidanganyane.

Ukatokea mchongo. Mradi mmoja unaochunguza desturi za misiba pwani ya Tanga ulitaka mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mmoja tu! Akipatikana, utafiti wake wote unabebwa na mradi mpaka anavaa joho. Nikiikosa ile nafasi, ndiyo basi tena, narudi nyumbani kuuza vocha.

Waliomba wengi, tukabaki wawili. Mimi na Queen.

Tukapangishiwa chumba kimoja Mwera. Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia: tukae na watu, halafu Dokta Kristofa, msimamizi wetu, aje aone ni nani kati yetu wanakijiji wamempokea.

Queen ni mtoto wa Dar. Mdomo asali! Tulikula sahani moja, kichwa kikiniuma ananikanda. Nikamweleza mambo yangu yote, hadi habari za babu yangu, Mnyamwezi aliyeletwa Tanga enzi za manamba kukata mkonge, akazeekea huku huku.

Kijijini sikumtaja babu. Mwongozo wa mradi ulikataza: mtafiti asijitambulishe kwa kabila, wala asilitaje la mwenzake, asije akawaelekeza watu majibu. Mimi nikasema natoka Tanga mjini, basi.

Mwenyeji wetu alikuwa Bi Semeni. Mzigua, mama mtu mzima, uso haujui kicheko.

"Shikamoo Bi Semeni."

"Marahaba mgeni wetu. Kaa, chai hiyo."

Kiti napewa, chai napewa, muhogo napewa. Maneno, ng'o!

"Bi Semeni, huku kwenu mnazikaje?"

"Tunazika tu mwanangu, kama watu wote."

Hivyo hivyo kila siku. Queen naye alikuwa anaambulia patupu kama mimi. Halafu nikaona ameanza kwenda kwa Bi Semeni peke yake, mimi nikiwa kisimani.

Na hapo ndipo mambo yakageuka.

Asubuhi moja nikaenda na shikamoo yangu kama kawaida. Bi Semeni akanipandisha akanishusha.

"Umeshaamka? Nikadhani tutakuzika."

Nikatafuta kiti, hakuna.

"Chai iko jikoni. Mikono si unayo? Au nayo imeletwa na mradi?"

Wakwe zake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nikarudi chumbani machozi yananilengalenga.

"Queen, hivi Bi Semeni nimemkosea nini?"

Akanishika bega. Jamani, akanishika bega!

"Shosti, mimi naona hawakupendi tu. Ningekuwa wewe ningeondoka kwa heshima kabla Dokta hajafika. Kuliko aibu..."

Na mimi nikamshukuru kwa ushauri!

Siku Dokta Kristofa anavuka na pantoni kuja kwetu, ndiyo siku alipofariki Mzee Sabiri, mtu wa ukoo wa Bi Semeni. Dokta akapelekwa moja kwa moja msibani, akakaa na wanaume chini ya turubai. Mimi nikajitanda kanga, nikaenda uani kwa akina mama.

Sikufika hata mkekani. Ndiyo ile ndoo sasa.

Na aliyeishika ndoo alikuwa Bi Semeni mwenyewe!

"Umekuja kutunyonya damu sisi! Mzee wa watu hajapoa, mumiani umeshafika na mrija wako!"

Dokta Kristofa akaja mbio mpaka kwenye kona ya nyumba.

"Ruthi! Toka hapo upesi! Umefanya nini? Umetuharibia kijiji kizima!"

Queen akadakia kwa sauti ya huruma:

"Nilimwonya, Dokta. Hakunisikia."

Nikaona masta yangu inazikwa siku moja na Mzee Sabiri.

Mwingine angelia. Mimi nina hasira za ukoo. Heshima ya mtafiti ikaniruka, nikatupa kanga yenye majivu chini na nikaachia mdomo:

"Mnajiliza nini hapa? Wazigua nyinyi mnangoja mtu afe ndiyo mpike wali! Mzee Sabiri kachoka na uchoyo wenu, kaona heri akalale kaburini! Na wewe Bi Semeni, majivu hayo ungejipaka mwenyewe, labda huo uso ungepata rangi!"



Aliyekuwa anavuta tasbihi, kidole kikaganda. Nikajua nimekufa. Kumtukana marehemu, mbele ya maiti, mbele ya mjane... hapo hata mama yangu angenipiga.

Queen akapaza sauti:

"Mmesikia wenyewe! Anawatukana wafiwa! Mtoeni basi!"

Hakuna aliyejongea.

Bi Semeni akaweka ndoo chini. Akanitazama. Na ule uso usiojua kicheko ukapasuka!

"Wee! Kafunguka! Mtani wetu kafunguka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mjane akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na haikuwa kwikwi ya kilio ile.

Mtani?

Dah! Nikataka ardhi inimeze. Utani wa makabila nimeusoma darasani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani wa tangu zama za misafara, hilo nimelijibia mtihani na nikafaulu! Mtani anakumwagia majivu msibani, anamcheka marehemu wako, na hununi. Ukinuna, umevunja undugu. Yote nilikuwa nayajua... lakini neno mumiani lilinitoa akili.

"Mnyamwezi wewe!" Bi Semeni bado hajamaliza. "Babu zako walikuja huku wamebeba mizigo ya watu, na wewe leo umekuja kubeba maneno ya watu! Kwenu hamchoki kubeba?"

"Bi Semeni... nani kakwambia mimi Mnyamwezi?"

Akamwonyesha kwa midomo. Queen!

"Si mwenzio huyu? Kaja kwangu na maneno yake, eti wewe mumiani, eti maiti zetu unapiga picha ukauze. Nikamuuliza, na kwao wapi huyo mumiani? Akasema, si mtu wa huku huyo, ni Mnyamwezi, babu yake manamba. Nikasema alhamdulillahi! Mzee Sabiri yuko kitandani hoi, na watani wote wa kutuzikia wamehama. Kumbe ninaye ndani, nampa chai na kiti kama mgeni!"

"Na... mumiani je?"

"Mumiani wa kweli nimsogelee na ndoo, mimi? Ningekuwa nimeshafika Pangani kwa miguu!"

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa namwangalia Queen. Lile tabasamu sikuliona tena.

Dokta Kristofa alikuwa amebadilika rangi.

"Queen. Ulimtajia kabila la mwenzako?"

"Dokta, mimi nilikuwa..."

"Na ukamzushia mumiani? Kijijini? Unajua wangeweza kumchoma moto?"

Queen akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Kafungashe. Unaondoka na mimi leo." Halafu akanigeukia, sauti imelainika. "Ruthi, nafasi ni yako. Na unisamehe, nilihukumu haraka."

Nilitamani kumjibu vibaya na yeye. Sikupata nafasi, Bi Semeni alikuwa ameshanikamata mkono.

"Maneno ya ofisini baadaye! Mtani hakai. Jeneza litatokaje bila wewe kulizuia?"

Basi nikavishwa kofia ya marehemu. Nikajilaza kizingitini na majivu yangu usoni, nikawaambia Mzee Sabiri hatoki mpaka nipewe kuku. Wakanitukana, nikawatukana. Wakanipa tetea mmoja mwembamba, nikauponda huo wembamba wake, kisha nikapisha. Wakaenda kumzika mzee wao.

Jioni ile tulikula sinia moja mimi na Bi Semeni. Nilipouliza mnazikaje, alizungumza mpaka wali ukapoa.

Nyinyi mnaosoma, chukueni hili. Anayekuparura usoni mbele ya watu huenda ndiye anakuita ndugu. Mwogope anayekukanda kichwa kisha anazunguka nyuma kukuchimbia. Na utani una wenyewe, mwanangu, hauokotwi njiani ukaufanya kichaka cha roho mbaya.

Nayasema haya kwa sababu jana Queen amenitumia meseji WhatsApp. Baada ya yote hayo! Nainakili kama ilivyo:

"Shosti jmn mbona umenichukia hivyo? Mi nilikua nakutania tu."

Nikamjibu, kisha nikambloku:

"Mimi na wewe hatuna utani."