Kosa la Buffalo

"Clementina, niko nakuomba, jibu haraka. Umeme ya huku inakatika-katika. Nizime mashine ama niache?"

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Novemba 2014. Clementina alikuwa ofisini kwake Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, Marekani. Mchumba wake, Aganze, alikuwa Buffalo, peke yake kwenye chumba cha seva, theluji imefika usawa wa madirisha.

"Zima tu, mpenzi. Buffalo itajitoa yenyewe."

"Uko na hakika?"

"Si mimi niliyeitengeneza? Zima."

Kampuni yao ilikuwa na tovuti ambayo hospitali ziliitumia kuwaita wakalimani kwa video. Seva zilikuwa katika miji mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Programu aliyoisimamia Clementina iligawa maombi kati ya miji hiyo ili mmoja usielemewe. Kila baada ya sekunde tano iliuliza kila seva kama iko hai, na ile isiyojibu haikupelekewa mtu.

Alichosahau Clementina ni kwamba wiki moja kabla, akiwa kwenye majaribio, alizima ukaguzi huo upande wa Buffalo. Alipanga kuuwasha akirudi kutoka kula. Hakuuwasha.

Basi Aganze akazima mashine, na programu ikaendelea kupeleka theluthi ya watu kwenye seva zilizokufa. Clementina alikuwa ameingia kikaoni, simu ameiacha mezani. Alipotoka, saa mbili baadaye, alikuta simu kumi na nne hajazijibu. Mama mmoja Mkongo wa Shively, kitongoji cha Louisville, alikuwa amelala leba muda wote huo bila kuelewa daktari anamwambia nini. Bahati nzuri yeye na mtoto walitoka salama.

Clementina akakaa, akauwasha ukaguzi kimyakimya. Dakika moja tu, tovuti ikatengemaa.

Kesho yake bosi wao, Evans, Mkenya wa ofisi ya Columbus asiyejua kupandisha sauti, aliwaweka wote wawili kwenye simu moja.

"Aganze, utaratibu unasema usizime kabla Louisville haijakubali. Ulikubaliana na nani?"

Kimya.

Clementina alijua kimya kile kilikuwa kinamngoja yeye. Lakini kibali chake cha kazi kilitegemea kampuni ile. Akifukuzwa, anarudi Tanzania. Aganze alikuja kama mkimbizi kutoka Bukavu, makaratasi yake yamekamilika. Akajiambia, nitasema kesho, nikiwa na Evans peke yetu.

"Bon," Aganze akasema. "Kosa ni yangu."

Ijumaa akafukuzwa. Jioni Clementina alimpigia.

"Pole sana, mpenzi. Labda siku ile hatukusikilizana vizuri kwenye simu."

"Labda," Aganze akasema.

Alihamia Hilliard, karibu na Columbus, kwa dada yake Gracieuse, akapata kazi ya kubeba maboksi kwenye ghala. Waliongea kila siku. Harusi ilipangwa Mei. Kila Clementina alipotaka kufungua mdomo, alijikuta anauliza habari za mgongo wake.

Februari uzalendo ukamshinda. Aliendesha gari kutoka Louisville bila kusimama. Gracieuse alimfungulia mlango, akamtazama usoni, akachukua koti lake na kutoka. Aganze alikuwa mezani, bado amevaa viatu vya kazi.

"Aganze, Buffalo nilikosea mimi. Nilizima ukaguzi nikasahau. Wewe hukukosea kitu."

"Minajua."

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu ile siku. Programu inaandika jina ya kila mutu anabadilisha kitu. Nilifungua, nikaona jina yako, na saa yenye ulizima."

Clementina akavuta kiti.

"Sasa kwa nini ulisema kosa ni lako?"

"Juu nilijua watakurudisha Tanzania. Mi kazi ingine nitapata. Donc, nikabeba kosa. Nikasema, kesho atanipigia, ataniambia merci, ataniambia pardon. Nikangoja kesho. Nikangoja Noël, Krismasi ikapita."

"Niliogopa."

"Na Evans, umemwambia?"

"Bado."

Aganze akamwangalia, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Umekuja kwangu mbele, Evans nyuma, juu ya nini, Clementina? Ili nikuambie haina lazima useme?"

Ndivyo ilivyokuwa. Njia nzima alikuwa anaomba asikie maneno hayohayo.

Akatoa simu, akampigia Evans palepale, akaweka sauti kubwa. Alieleza yote: ukaguzi, ile simu ya asubuhi, kimya chake siku Evans alipouliza.

"Miezi mitatu, Clementina," Evans alisema mwishowe. "Nilimfuta kazi mtu ambaye hakuwa na makosa, na ulikuwa unanisikia. Aganze yuko hapo? Aganze, kazi yako iko. Nisamehe. Wewe, Clementina, tuonane Jumatatu."

Simu ikakatika. Clementina akafuta machozi kwa kiganja.

"Na sisi je?" akauliza.

"Nimekusamehe. Naongea kweli."

"Basi tuanze upya. Hata kama narudi nyumbani, nitakungoja."

Aganze akatikisa kichwa taratibu.

"Ile siku nilipoteza kazi, nilikuwa nakupenda. Wakati ulisema hatukusikilizana, bado nakupenda. Lakini mwezi wa kwanza nilitoka ku ghala, mikono imepasuka na baridi, nikakuta umenituma picha ya gauni ya harusi. Umeandika, 'Mungu ametutendea mema.' Nikaangalia ile picha sana. Njo siku mapendo ilikwisha."

Aganze alirudi Buffalo kabla theluji haijayeyuka. Clementina alifukuzwa, akarudi Morogoro mwezi wa nne, gauni amemwachia jirani. Shangazi zake walimuuliza kama yule Mkongo alikuwa na mwanamke mwingine, au kwao walimkataa.

"Hapana," aliwajibu. "Alikuwa ananilinda, na mimi nikamwacha aendelee."

Hawakumwelewa, wakaendelea kumlaumu Aganze. Safari hii Clementina hakunyamaza. Akavuta mkeka, akaanza kuwaeleza tangu mwanzo.