Eda ya Mboni Machimboni

"Umechelewa, Abdulwahab. Miezi mitatu imetimia juzi."

Kidawa, shangazi yake Mboni, aliyasema hayo akiwa ameziba mlango wa mgahawa wake, hata karibu hakutoa. Abdulwahab alisimama uani, mvua inamcharaza, tope hadi magotini. Tangu Nangurukuru alinyeshewa juu ya bodaboda, akaingia Nakatuli, mji wa dhahabu tangu enzi za Mjerumani, hana hata uzi mkavu. Mashimo yalijaa maji, hivyo wachimbaji wote walijibanza mgahawani na sasa walikuwa wakimtazama yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ujumbe wangu uliupata?"

Aliupata asubuhi ile, akiwa kwenye cherehani yake Kilwa Masoko: "Eda ya Mboni imekwisha. Khamisi mnunuzi wa dhahabu analeta posa Ijumaa. Lete nguo za mtoto."

Nguo hakuleta. Alijileta mwenyewe.

Jamani, wanaume! Kisa cha talaka chenyewe kilikuwa nini? Mboni mkewe alimjibu mkato mbele ya rafiki zake, bwana akapandwa na hasira, akatamka talaka moja. Kesho yake akajuta. Neno moja la kumrejea lingetosha, maadamu eda haijaisha. Yeye akakaa anasubiri aombwe radhi!

"Shangazi, nimwone tu."

"Umwone kama nani? Si mkeo tena."

"Mwache aingie," sauti ya Mboni ilitoka ndani. "Baba wa mtoto hafukuzwi kwenye mvua."

Mboni alikuwa ameketi mkekani akimnyonyesha Umi, binti yao wa miezi minane. Abdulwahab akaingia, akasimama ukingoni mwa mkeka.

"Mama Umi, nimekosa."

"Leo ndiyo umejua?"

"Nilijua kesho yake tu. Kiburi kilinishika."

"Miezi mitatu, Baba Umi! Hata simu ya kumuulizia mtoto!"

"Nilikuwa nasubiri upige wewe."

"Nikuombe radhi kwa kuachwa?"

Wachimbaji wakaguna. Abdulwahab hakujali, aibu alishaiacha njiani.

"Haki yangu imepita, najua. Ukimtaka Khamisi, nitaondoka. Ukinihurumia, nitaleta posa upya na mahari upya, nianze kama mgeni."

Simu ya Mboni ikaita, akaipokea kwa spika, wote wakisikia.

"Mboni, Khamisi hapa. Shangazi yako kanihakikishia eda imekwisha. Ijumaa iko palepale?"

Abdulwahab akainamisha kichwa.

"Kaka Khamisi, usije. Mimi bado nimo ndani ya eda, na mwenye eda yake amefika."

Akakata simu.

"Eda gani tena?" Shangazi Kidawa akang'aka. "Si miezi mitatu?"

"Shangazi, hiyo ya miezi ni ya asiyepata hedhi kabisa, kama bibi kizee. Mimi nahesabu hedhi na twahara zake, mpaka zitimie tatu. Nanyonyesha, tangu nimzae Umi sijaziona siku zangu hata mara moja. Nilimuuliza shehe, akasema bado nasubiri."

"Sasa mbona ulinyamaza muda wote huu?"

"Nilitaka aje kwa kunitaka mwenyewe, si kwa kuitwa."

Abdulwahab akakaa chini na nguo zake mbichi.

"Alhamdulillahi! Mboni, nimekurejea! Shangazi, shuhudia! Jamani nyote, shuhudieni, mke wangu nimemrejea!"

"Tumeshuhudia!" wachimbaji wakaitikia, mmoja akigonga meza kwa kikombe. Shangazi Kidawa naye akajikuta anapiga kigelegele, posa yake imeota mbawa.

Mboni peke yake ndiye hakucheka.

"Sikiliza, Baba Umi. Talaka ulikuwa nazo tatu. Zimebaki mbili."

"Hizo mbili nazitumbukiza kwenye lile shimo lililojaa maji. Anayezitaka akapige mbizi."

"Nitakuwa nachungulia kila siku."

"Chungulia, mke wangu. Chungulia mpaka uzeeke."

Hapo Mboni akacheka, machozi yakimtoka. Akampa mtoto, akainuka kumtafutia shuka kavu.