Nitajie Jina

Jumatano hiyo mpira ulikataa kupita.

Daktari Nathanieli Masatu alikuwa amesimama mbele ya meza, katika chumba cha nyuma cha zahanati yake ndogo ya Mukendo, mjini Musoma. Juu ya sinia kulikuwa na moyo wa ng'ombe uliotoka machinjioni asubuhi ile. Kila Jumatano alinunua moyo mmoja, akapenyeza kwenye mishipa yake mpira mwembamba kuliko utambi wa koroboi, wenye kiputo kidogo nchani. Kwa mtu mgonjwa, mpira ukifika mahali palipoziba, kiputo hujazwa maji, mshipa ukatanuka, damu ikapata njia. Kazi hiyo alijifunza Ujerumani miaka sita, na sasa alikuwa mmoja wa madaktari walioifanyia utafiti Nairobi, kwenye mashine ya kuutazama moyo ukiwa bado unapiga. Wiki tatu za mwezi alikuwa Musoma, akiorodhesha wenye maumivu ya kifua kutoka Bunda, Butiama na visiwani. Wiki ya nne alipanda nao basi kwenda Nairobi. Mioyo ya ng'ombe ilikuwa ya kuifanya mikono yake isisahau.

"Poli, njoo uone," alisema. "Ng'ombe hawauguagi ugonjwa huu."

Apolinary Burito, tabibu msaidizi wake, alisogea. Nathanieli akaupasua mshipa kwa wembe. Ndani hamkuwa na mafuta wala damu iliyoganda. Mlikuwa na tope jeusi, laini, lenye harufu ya yale matope ya kiangazi ambamo kamongo hujizika kusubiri mvua. Na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, tamu, ya marashi.

"Labda limeingia machinjioni," alisema Apolinary. Lakini harufu ile alikwisha kuinusa mahali.

Wawili hawa walikalia dawati moja shuleni Butiama. Hesabu, Nathanieli alikuwa akinakili kwa Apolinary. Jambo hilo Apolinary hakulisahau hata siku moja. Walisoma chuo kimoja, wakaajiriwa hospitali moja, na vita vya Kagera vilipokwisha, sukari inatafutwa kwa foleni na sabuni haionekani, ikaja nafasi moja ya masomo ya nje. Walihojiwa siku moja. Akaenda Nathanieli. Apolinary alibaki akifunga vidonda vya watu kwa vipande vya shuka kuukuu, kwa sababu bandeji hazikuwepo.

Nathanieli alirudi enzi za ruksa, maduka yamejaa sabuni na mitumba, na mtu wa kwanza kumtafuta alikuwa rafiki yake. "Njoo tufanye kazi pamoja," alimwambia. Watu wakausifu wema huo. Apolinary aliusikia kama mwiba chini ya kucha. Kila mgonjwa aliyerudi kutoka Nairobi akipanda mlima bila kuhema, kila mama wa Makoko aliyeleta sato wawili wabichi "wa daktari wa mioyo", alikuwa anausukuma mwiba ule ndani zaidi.

Ndipo siku moja alipokwenda Bunda kwa Mwanaupe.

Mwanaupe alikuwa mama mtu mzima, mwuza ubani na marashi sokoni. Nyuma ya kibanda chake alikuwa na mtungi uliozibwa kwa tope bichi, na waliomjua hawakuuliza una nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unamtaka nani?"

"Sitaki afe," alisema Apolinary, akitazama sakafu. "Nataka azibiwe njia tu."

"Husuda haina tu, mwanangu." Mwanaupe aligeukia mtungi. "Hili la mtungini halijui njia ya cheo wala ya safari. Linajua njia moja, ile inayopita damu. Utasimama nyuma yake saa sita mchana, umwite jina lake mara tatu. Akiitika, limehamia kwake. Asipoitika, limebaki kwako, na litakuwa linakuomba jina la mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa," alisema Mwanaupe, lakini mtungi aliufunua.

Ijumaa iliyofuata, siku tano kabla ya ule moyo wa ng'ombe, jua likiwa utosini, Apolinary alisimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa akaita, kwa sauti ya chini. Nathanieli. Nathanieli. Nathanieli. Daktari hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya mzee mmoja mvuvi, kifaa cha kusikilizia moyo kikiwa masikioni, na duniani hapakuwa na sauti aliyoisikia isipokuwa mapigo ya yule mzee. Apolinary aliondoka pale karibu afurahi. Alijiambia mambo ya Mwanaupe ni ya kuwatisha wajinga.

Sasa tope lilikuwa kwenye sinia.

Siku zilizofuata, harufu ilimfuata nyumbani Makoko. Mkewe, Hyasinta, alifua shuka mara mbili kwa siku.

"Umepita wapi, baba Robi?" aliuliza mchana mmoja, wakiwa mezani. "Mbona unanuka ziwa lililokauka? Na hayo marashi ni ya nani?"

"Ya wagonjwa."

"Wagonjwa hawajipaki marashi." Alisogeza sahani yake pembeni, macho yamejaa machozi. Alidhani kuna mwanamke, na Apolinary alimwacha adhani hivyo, kwa kuwa la mwanamke lingekuwa jepesi kusema.

Kisha maumivu yakaanza. Yalikuja saa sita mchana, kila siku, kama mtu aliyeahidiwa chakula. Kwanza yalikuwa uzito mdogo chini ya ubavu wa kushoto. Baadaye yakawa mkono unaobana na kulegeza. Na siku ya tisa, akiwa njiani kutoka sokoni, watu wakipita na baiskeli na dagaa na kelele zao zote za mchana, alisimama katikati ya barabara akashindwa kuinua mguu, kwa maana ndani ya kifua chake, karibu kabisa, karibu kuliko mdomo unavyoweza kufika sikioni, sauti ya upole ilikuwa inasema: nitajie jina.

Alipanda gari hadi Bunda siku hiyo hiyo. Kibanda cha Mwanaupe kilikuwa kimefungwa. Jirani akasema bibi amehamia Ukerewe na hakuaga.

Apolinary aliporudi zahanati, Nathanieli alimlaza kitandani mwenyewe, akaweka kifaa kifuani pake, akasikiliza. Akakunja uso.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Kuna mtu amesema..." Nathanieli alivua kile kifaa masikioni, akakitazama, akakiweka mfukoni taratibu. "Kwa dalili hizi, mshipa wako mmoja umeziba, Poli. Tusipoufungua hutamaliza mwezi. Nitakuingiza kwenye utafiti. Utakuwa wa arobaini na mbili, na mkono utakaokushika ni wangu, simwachii mtu."

Apolinary aligeuza uso ukutani. Hata katika kufa, ilibidi aokolewe na huyu.

Safari ya Nairobi ilikuwa ya kutwa nzima kwa basi. Kesho yake, saa sita mchana ikikaribia, alilazwa juu ya meza nyembamba, akiwa macho, kwa sababu katika kazi hii mgonjwa halazwi usingizi. Hupigwa ganzi pajani tu, na mpira huingia hapo ukapanda hadi moyoni. Pembeni palikuwa na kioo cha ile mashine ya kuutazama moyo. Nathanieli alipiga sindano ya rangi, na Apolinary akaiona mishipa yake mwenyewe ikichanua kwenye kioo kama mizizi ya mti uliong'olewa, ikitetemeka kwa kila pigo. Mmoja ulikatika katikati. Mahali ulipokatika palikuwa na kitu cheusi.

"Ndipo hapo," alisema Nathanieli. "Tulia, ndugu yangu. Nakaribia."

Ncha ya mpira ilisogea, ikasogea tena, na ilipokigusa kile kitu, kile kitu kiligeuka. Hakikutikisika kama donge linavyotikiswa na damu. Kiligeuka, kama anavyogeuka mtu aliyeguswa bega akiwa usingizini, na chumba chote, chenye harufu ya dawa na spiriti, kikajaa tope na marashi, hata muuguzi akaziba pua kwa mkono, na mkono uliokuwa ukibana kifua cha Apolinary ukabana mara hii bila kulegeza, na pumzi ikamtoka isirudi, na ile sauti ya upole ikasema kwa mara ya mwisho, haina haraka, haina hasira, nitajie jina, nitajie jina nikuache, yuko mmoja amesimama hapa, unalijua jina lake tangu utotoni.

"Nathanieli," alisema Apolinary.

Daktari hakuitika. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Jina hilo la kwanza lilimtoka kwa maumivu, na Mungu angeweza kumsamehe. La pili alilisema akijua.

"Nathanieli."

"Jaza kiputo," Nathanieli alimwambia msaidizi.

Apolinary alitoa macho kwenye kioo, akaitazama ile mikono iliyotulia, mikono ya Ujerumani, na ya wagonjwa arobaini na mmoja, na ya sato wote wa Makoko.

"Nathanieli."

Daktari akainama, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Nipo, Poli. Nipo hapa hapa."

Mshipa ukafunguka. Rangi ikapita hadi mwisho, nyembamba na safi, na muuguzi akapiga makofi. Apolinary alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa wiki tatu. Haikuwa na harufu yoyote.

Wiki mbili baadaye, kwenye barabara ya Bunda, Nathanieli alisimamisha gari akashika kifua. Wenzake wa Nairobi walimlaza mezani mara mbili, na mara zote mbili mpira ulikataa kupita. Akaomba arudishwe nyumbani. Alipofika alimwita Apolinary, akamtaka afungue daftari la utafiti.

"Niandike," alisema. "Mgonjwa wa arobaini na tatu. Usiruke kitu. Maumivu huanza saa sita mchana."

Apolinary aliandika kila siku, kwenye chumba cha pili, mpaka siku ambayo hapakuwa na la kuandika.

Walimzika Butiama. Watu walikuja kwa malori, kwa miguu, wengine wamevuka ziwa kwa mitumbwi kutoka visiwani. Wale waliofunguliwa mioyo walikaa pamoja, safu mbili, na hawakutaka kuondoka kaburini hata jua lilipowachoma. Apolinary alijikuta anawahesabu. Alijikuta anajiuliza, siku yake yeye, watakuja wangapi.

Esta, mjane wa Nathanieli, alimvuta kando.

"Shemeji, kuna neno alinikataza kukuambia, lakini limenishinda." Alikuwa ananong'ona. "Siku za mwisho alisema kuna kitu kinamwomba jina. Akilitaja jina la mtu, atapona. Nikamwambia, mume wangu, taja, taja hata langu. Akasema jina lipo, limejaa mdomoni, na mwenyewe yuko hapo chumba cha pili anaandika daftari, akiitwa ataitika. Akageukia ukutani. Hakulitaja."

Apolinary aliinamisha kichwa na kusubiri machozi. Alisubiri sana, na Esta, akidhani analia, alimshika mkono.

Machozi hayakuja. Kilichokuja ni kile kile alichokizoea tangu dawatini, kikali kuliko siku zote.

Hata kwa hili, aliwaza, amenizidi.

Na chini ya ubavu wake wa kushoto kitu kilijilaza, taratibu, kama mtu aliyerejea kitandani kwake.