Walimzika Dada Yangu Bila Kuniambia, Eti Wanalinda Moyo Wangu

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mshonaji wa nguo hapa sokoni Kithimani. Nina mume na binti mmoja, Mwende. Nina pia kovu refu katikati ya kifua, na jingine mguuni.

Miaka kadhaa iliyopita mishipa ya moyo wangu iliziba, nikapasuliwa. Madaktari walichukua mshipa kutoka mguuni wakaushonea moyoni, damu ipite kando ya palipoziba. Mimi mshonaji nilielewa haraka... ni kiraka.

Aliyeniuguza ni dada yangu mkubwa, Kavata. Alifunga nyumba yake kule Ekalakala akaja kukaa nami mpaka nikaweza kuchana nywele mwenyewe. Akiosha kidonda cha mguu alinitania kwamba sasa moyo wangu una mguu, angalia usikimbilie mume mwingine.

Siku ya kutoka hospitalini, daktari alimwambia mume wangu, "Moyo wake usisumbuliwe." Maneno matatu tu! Baba Mwende aliyabeba nyumbani kama amri ya Mungu. Tangu hapo habari mbaya haikuvuka mlango wetu. Ng'ombe akifa, naambiwa ameuzwa. Mwende akigombana na mumewe, amekuja kututembelea tu. Nilikuwa nikicheka. Ningejuaje mchezo ule ungefika wapi?

Mwaka jana kifua kilianza kuuma tena. Nikibeba mtungi wa maji kilibana, maumivu yakapanda hadi tayani, nikipumzika yakatulia. Walinipeleka Nairobi, nikatiwa rangi kwenye mishipa na kupigwa picha. Nikiwa bado nimelazwa, daktari aliwaita mume wangu na Mwende chumbani kwake. Walitoka macho yakiwa mekundu.

"Ni gesi tu, mwaitu, mama yangu," Mwende aliniambia. "Wacha kula mahindi ya muthokoi jioni."

Gesi! Ni gesi gani hiyo ya kumliza binti yangu?

Sikutulia tena. Mtungi nilinyang'anywa, pasi ya makaa nikanyang'anywa. Walinong'ona jikoni, nami nikiingia wanaanza kuzungumzia mvua. Nililala nikigeukageuka, niliamka nikizunguka uani, nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto. Kuna nini? Shamba limeuzwa? Mzee amepata mwanamke?

Halafu Kavata akanyamaza. Yeye alinipigia kila Jumapili baada ya misa, hata kama ni kunisengenyea padri. Jumapili ikapita bila simu, na nyingine ikapita.

"Simu yake imeingia maji," mume wangu alisema. Nikaomba kwenda kumwona, nikaambiwa barabara ni mbaya.

Asubuhi moja Baba Mwende aliondoka, eti anaenda kutafuta mbegu. Alivaa suti nyeusi. Jamani, nani huvaa suti kutafuta mbegu? Aliporudi viatu vimejaa udongo, sikumpikia. Nilimwita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Aliinama tu akafungua kamba za viatu.

Wiki iliyofuata mteja mmoja wa kutoka Ekalakala alikuja kuchukua sare ya mtoto. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana kwa Kavata, mama. Tulikutafuta kwa mazishi hatukukuona. Walisema uko mgonjwa."

Nakumbuka nilimpa sare yake. Nilitaka kumuuliza mazishi ya nani... Kifua kikanikaba, nikaanguka palepale kibandani.

Nilipozinduka hospitalini nilimwomba daktari azungumze na mimi mwenyewe. Alivuta kiti. Ule mshipa uliotoka mguuni ulikuwa umeziba kabisa. Alisema mishipa ya kupandikizwa huchakaa, na kunipasua kifua mara ya pili kungekuwa na hatari kubwa. Alichotaka ni kupitisha waya mwembamba mkononi mpaka kwenye mshipa wangu wa kuzaliwa, ule ulioziba zamani, aupenye, autanue, kisha aweke kijibomba cha kuushikilia usizibe tena. Haya yote aliwaeleza watu wangu siku ya picha, akawa anangoja jibu. Sasa sehemu ya misuli ya moyo ilikuwa imekufa.

"Lakini tuliambiwa moyo wake usisumbuliwe," mume wangu alisema kwa sauti ndogo.

"Mzee, hiyo ni kubeba vitu vizito na kuchoka," daktari alimjibu. "Hakuna mtu alisema mama afichwe ugonjwa wake."

Nilitia sahihi mwenyewe. Kazi ilikuwa ndefu, nami nilikuwa macho nikiwasikia wakizungumza. Mshipa ulifunguka. Leo natembea hadi sokoni, ingawa kasi ya zamani haikurudi.

Baba Mwende alilia mbele yangu. Alisema aliogopa kwamba nikiambiwa nitakufa. Najua aliogopa. Nampenda, na bado sijamsamehe.

Nilipopata nguvu walinipeleka kaburini Ekalakala. Binti wa Kavata ndiye aliyenimaliza. Aliniambia mama yake aliugua siku nyingi, na kila siku aliuliza mbona siji. Naye pia watu wetu hawakutaka kumsumbua kwa habari za ugonjwa wangu. Walimwambia niko sawa, ila nina nguo nyingi za kushona. Alikufa akiamini hivyo.

Wasomaji wenzangu, mgonjwa wenu ni mtu mzima, mwambieni. Mwambieni polepole, mkiwa mmemshika mkono, lakini mwambieni. Nawe mgonjwa, usikubali kuachwa kitandani wengine wakiitwa kwa daktari. Inuka, au mwambie aje hapo ulipo. Mimi niliibiwa siku ya kulia na wenzangu. Sasa nalia peke yangu, na nyumbani kila mtu ameshamaliza matanga.